Taaka Alilia Njia Nzima

Majirani wa Maloba kule Buhehe hawakuhitaji jogoo. Taaka aliwaamsha. Alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ana mashavu mazito na sauti nzito zaidi. Akianza kulia, hata waliokuwa wakipalilia mihogo ng'ambo ya kijito waliinua vichwa.

Mama yake, Atai, alishazoea. Alimfunga mgongoni, akamenya viazi, akaimba nyimbo za kwao Osukuru, na Taaka akapiga kelele juu ya wimbo.

"Huyu atakuwa mhubiri," alisema baba yake.

Maloba alinunua samaki ziwani kule Majanji na kuwauza mjini Busia. Alikuwa mtu mpole. Hakupenda ugomvi. Hakupenda hata kutazamwa vibaya, na tabia hiyo karibu imponze.

Mwezi wa nane walipanga safari ya Nakuru. Marafiki zao, Moses na Harriet, walikuwa wamehamia huko kutafuta kazi. Harriet ndiye aliyemsimamia Atai siku ya harusi. Taaka alikuwa hajamwona ila kwenye simu.

"Nileteeni mtoto wangu nimshike," aliomba kila walipozungumza.

Siku ya safari ikafika. Walivaa nguo nzuri, wakapakia sato waliokaushwa kwa moshi, wakaenda Busia. Kabla ya kuvuka mpaka, walipita dukani kwa Annet kuaga. Annet aliuza sabuni, sukari, dawa za maumivu na kila kitu kingine. Taaka alikuwa tayari analia kwa sababu ya joto.

"Eh, Mama Taaka!" alisema Annet. "Na sauti hii mnakwenda Nakuru? Atawaaibisha kwa basi. Ngoja."

Akatoa chupa ndogo ya dawa ya maji, nyekundu, yenye harufu tamu.

"Hii ndiyo dawa ya safari. Sisi wote wenye kuuza ng'ambo natumia. Asubuhi nampa mtoto kifuniko moja, nalala mgongoni. Unauza nyanya zako mpaka jioni, yeye hana maneno."

Atai aliigeuza chupa mkononi. "Lakini hii si ya mafua? Taaka hana mafua."

"Ya mafua, ya safari, yote ni moja. Wangu wote walikunywa."

Atai alisita. Akamtazama mumewe.

"Tumpe kidogo tu," alisema Maloba. "Watu watatuangalia vibaya njia nzima."

Basi, wakainunua, na Atai akampa mtoto kifuniko kimoja. Taaka alilamba midomo yake. Ilikuwa tamu.

Kweli, dawa ilifanya kazi. Walipofika Ugunja, Taaka alikuwa amelala fofofo. Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka, akamtazama, akatabasamu.

"Mtoto mzuri! Hata hasumbui."

"Asante, mama," alisema Maloba, akakaa wima kwa fahari.

Kisumu basi lilisimama. Atai alishuka kwenda chooni na kununua maji. Taaka alizinduka mikononi mwa baba yake. Alikuwa na kiu, njaa na jasho. Alifanya alichojua kufanya. Alilia.

Bwana mmoja mwenye koti aliguna. Huyu alikuwa akipiga kelele kwenye simu tangu Maseno, akimgombeza fundi wake kuhusu mabati. Basi zima lilishajua habari za mabati hayo, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Lakini mtoto alipolia, alikunja uso.

"Bwana, si unyamazishe mtoto? Watu tunataka kupumzika."

Kondakta naye akadakia. "Mzee, huyu mtoi mkimwacha hivi, abiria watanimaliza."

Tazama dunia ilivyo! Mtu mzima hupewa ruhusa ya kupayuka, mtoto mwenye kiu anaambiwa anyamaze.

Maloba alihisi macho ya basi zima usoni pake. Akaitoa ile chupa. Akampa Taaka kifuniko kimoja. Taaka alitema kidogo. Maloba hakujua ni kiasi gani kimeingia, akaongeza kingine. Atai aliporudi, mtoto alikuwa ananyamaza. Alishukuru tu, hakuuliza.

Huko Ahero basi lilisimama tena, kwa sababu kondakta alitaka kununua nyanya za nyumbani kwake. Alizichagua moja moja. Kisha wakaendelea.

Baada ya muda matiti ya Atai yalijaa. Akamweka Taaka kunyonya. Midomo ya mtoto haikushika. Atai alimtekenya unyayo. Taaka hakuvuta mguu. Akamwita jina. Kichwa kikaanguka upande.

"Baba Taaka, huyu mtoto hapumui vizuri!"

Alikuwa anapumua, lakini pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine ndogo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Abiria wote wakainuka vitini. Yule mama wa mbele alitoa pakiti ya maziwa.

"Mpe maziwa! Maziwa yanakata sumu!"

"Usimpe kitu chochote mdomoni!"

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke wa makamo, viti viwili nyuma. Alikuja akisukuma watu.

"Mimi ni Benedeta, muuguzi kutoka Tororo. Nipe mtoto, dada. Akiwa hivi hawezi kumeza. Hayo maziwa yataingia kwenye mapafu."

Alimlaza Taaka kwa ubavu mapajani, akainua kidevu chake kidogo ili njia ya hewa ifunguke. Akaweka mkono kifuani pa mtoto.

"Fungueni madirisha. Amekunywa nini?"

"Dawa ya safari," alisema Atai. "Kifuniko kimoja, asubuhi."

"Kimoja tu?"

Maloba alitazama chini. "Na viwili Kisumu."

Atai aligeuka polepole. "Ulimpa tena? Maloba, ulimpa tena na hukuniambia?"

"Mtagombana baadaye," alisema Benedeta. "Sasa tunataka hospitali. Kondakta, simamisheni kwenye kituo cha afya cha karibu."

"Madam, tunasimama Kericho," alisema kondakta. "Hapa katikati hatuna stegi."

Hapo Atai alisimama. Hakuwahi kupiga kelele mbele ya watu maishani mwake. Siku hiyo alipiga.

"Huna stegi? Ahero ulisimama kununua nyanya zako! Ulizichagua moja moja, sisi tumekaa! Mtoto wangu akilia mnamkasirikia, sasa amenyamaza mnataka afe kimya kimya? Dereva! Simamisha!"

"Simamisha!" alisema mama wa maziwa.

"Simamisha gari!" likaitika basi zima.

Dereva hakusubiri kondakta. Alikanyaga mafuta, na mbele kidogo akakata kona, akaliingiza basi zima kwenye lango la kituo cha afya. Bwana wa koti alikuwa ameshika simu yake mkononi. Aliizima, akaitia mfukoni.

Wahudumu walimpokea Taaka mbio. Benedeta aliwakabidhi chupa, akawaeleza alichokunywa na saa alizopewa. Wakamwekea hewa ya oksijeni. Basi likaenda zake. Benedeta alibaki, ingawa hakuwajua kabla ya siku ile.

Atai na Maloba walikaa kwenye benchi. Maloba alijaribu kumshika mkono. Atai aliuondoa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka waliposikia sauti. Kwanza ilikuwa mguno. Kisha ikapanda, ikapasua, ikajaza kituo kizima. Mlinzi wa langoni aliinua kichwa.

Atai alikimbia ndani. Taaka alikuwa amekasirika, uso umelowa machozi, mikono inarusha shuka. Atai alimkumbatia, naye akalia kwa sauti, wote wawili pamoja. Maloba alisimama mlangoni akifuta macho kwa kofia yake.

"Alie," alisema daktari. "Alie tu. Lakini atalala hapa leo tumwangalie. Dawa hii inaweza kumrudisha usingizini."

Baadaye Benedeta alikaa nao.

"Ile ni dawa ya mafua," alisema. "Inaleta usingizi. Kwa mtoto mdogo usingizi huo unaweza kuzidi mpaka anasahau kupumua. Hata kwa mafua yenyewe, usimpe mtoto mdogo bila kuambiwa na mhudumu wa afya. Kumnyamazisha nayo, hapana kabisa."

"Na mimi nilikuwa namwona amelala vizuri," alisema Atai.

"Usingizi wa kweli, ukimgusa anajikunyata, ukimwita anastuka. Ukiona haamki, au pumzi zinakuwa chache, au midomo inabadilika rangi, kimbia hospitali. Mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa, usimtapishe. Beba chupa yenyewe, daktari ajue ni nini."

"Lakini mbona inauzwa kama peremende?" Sauti ya Atai ilipanda tena. "Wanawake wote wa soko wanaitumia! Kila siku!"

"Najua. Nimewapokea watoto hao Tororo. Wengine hawakurudi nyumbani." Benedeta alikunja ngumi juu ya goti. "Dada, hasira yako usiimalize hapa. Nenda nayo Busia."

Maloba aliinua uso. "Sasa mtu asafiri vipi na mtoto kama huyu?"

"Mtoto atalia, Baba Taaka. Kubali hilo kwanza. Kisha angalia analilia nini. Ana joto? Mvue, mkae dirishani. Ana kiu, mnyonyeshe, mpe maji. Amelowa, mbadilishe. Basi likisimama, shukeni naye, atembee. Mbebeni kwa zamu, msimwachie mama peke yake. Akiwa anatapika kwenye gari, kabla ya safari ulizeni kliniki."

"Na watu wakituangalia vibaya?"

"Waangalie. Macho ya watu hayajaua mtoto. Ile chupa ingemuua."

Kesho yake Moses alikuja kuwachukua. Kule Nakuru Harriet alimshika Taaka kwa siku tatu, karibu hakumweka chini. Lakini Atai hakuona uzuri wa mji ule. Alikuwa anawaza duka la Annet.

Waliporudi Busia, hawakwenda nyumbani kwanza. Atai aliingia dukani, akaiweka chupa juu ya meza.

"Annet, karibu tumzike Taaka."

Akamweleza yote. Annet alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Lakini wangu wote walikunywa, Mama Taaka. Na iko hai. Wewe nazidisha tu."

"Tulizidisha kwa sababu uliniambia haina neno! Uliniambia ya mafua na ya safari ni moja! Ungeona midomo yake, Annet. Ungeona!"

Nyuma ya Annet, juu ya mkeka, alikuwa amelala mjukuu wake, mtoto wa binti yake Ritah. Ritah alikuwa ng'ambo ya mpaka akiuza nyanya. Ilikuwa adhuhuri, soko linavuma, pikipiki zinapiga honi mlangoni, na mtoto hakutikisika.

Annet alimtazama. Akapiga magoti.

"Wewe. Wewe, amka." Akamtikisa. Akamtikisa tena. "Amka, mwanangu!"

Mtoto alifungua macho kwa shida, akayafumba.

"Twende," alisema Atai. "Beba chupa."

Walikimbia naye kliniki wote watatu, Taaka mgongoni kwa Atai, Maloba mbele akipisha watu. Mtoto alipona. Lakini Annet aliyerudi dukani jioni ile hakuwa yule wa asubuhi. Chupa zake zote za dawa nyekundu alizipeleka kliniki. Na mama aliyekuja kuiulizia alipewa hadithi ya watoto wawili, wa kwenye basi na wa dukani, mpaka akaogopa.

Wanawake wa soko walinung'unika. Waliuliza, na haki yao, watauza vipi na watoto wanaolia. Wakakaa, wakabishana siku nzima. Mwishowe waliomba chumba cha nyuma cha kanisa, karibu na soko. Wakatandika mikeka. Sasa kila siku wawili wao hubaki na watoto kwa zamu, na wengine huvuka kuuza. Mama huja kunyonyesha, anarudi. Chumba kile kina kelele mno. Pasta amelalamika mara moja, Ritah akamjibu, hajalalamika tena.

Krismasi ilipokaribia, Maloba na Atai walisafiri tena kwenda Nakuru. Safari hii Maloba alichagua kiti cha dirishani. Taaka alivaa gauni jepesi. Walibeba maji, ndizi na nguo za kubadilisha.

Taaka alilia Bumala. Alilia Maseno. Wakashuka naye Kisumu, Maloba akamtembeza akimwonyesha kuku wa watu. Alinyamaza. Walipopanda, akaanza upya.

Kijana mmoja aliyevaa miwani aligeuka. "Boss, huyo mtoto hamna kitu cha kumpa atulie?"

Atai alikuwa anavuta pumzi ajibu. Lakini Maloba, yule mpole, yule asiyependa kutazamwa vibaya, alisimama kabla yake.

"Kipo," alisema. "Tulimpa mara moja. Akatulia mpaka akaacha kupumua. Sasa, ndugu yangu, wewe ziba masikio. Mtoto wangu analia, na atalia mpaka atakapochoka."

Kijana aligeuka mbele.

Baada ya Ahero, Taaka alichoka mwenyewe. Akalala begani kwa baba yake, usingizi wa kweli. Kila baada ya muda Maloba alimgusa unyayo, na kila mara Taaka alivuta mguu kwa hasira. Wakafika.

Harriet alikuwa akiwangoja stendi. Alimnyakua Taaka, akambusu, kisha akauliza swali ambalo kila mtu humuuliza mama aliyesafiri na mtoto.

"Hakuwasumbua njiani?"

"Alitusumbua sana," alisema Atai, akicheka. "Mungu asifiwe. Alitusumbua njia nzima."