Macho Mekundu ya Bibi Ngollo

Kila alipotoka shule, Julieth alipitia kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, la jirani yao, Bibi Ngollo, kumwamkia. Hapo Kaliua hakuna aliyechochea moto wa kukaushia majani miaka mingi kama bibi huyo, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Siku hiyo bani halikutoa moshi. Watu wenye fimbo walikuwa wamelizunguka.

"Mchawi wa macho mekundu! Umempandia dada yangu uvimbe!" Mjomba Samweli alinguruma. Fimbo yake ilitua begani kwa bibi ikavunjika. Mwingine akamkanyaga mkono, kidole kikalia kama kijiti kikavu. Damu ya puani ilidondokea majivuni. Kijana mmoja alifungua galoni ya petroli.

Julieth akajipenyeza katikati yao. Jana yake mjomba alimuuliza nani alimshika mama yake titi kabla hajaugua, naye akajibu, "Bibi Ngollo." Ni kweli. Yaliyobaki aliyameza, maana mjomba alishaanza kumsifu mbele ya binamu zake.

Alijitupa juu ya bibi. Fimbo iliyokuwa ikishuka ikamchana mgongo.

"Mjomba, nilificha! Bibi alimshika akakuta uvimbe tayari upo! Ndiye aliyemwambia mama aende hospitali!"

"Ni kweli tupu!" Mama yake alikuwa amefika mbio, bandeji kifuani pale hospitali ilipotoa kipande cha uvimbe. "Samweli, unaniulia mtu aliyeniokoa?"

Galoni ikafungwa. Polisi walifika wakamchukua Samweli na wenzake.

Jumapili, Samweli akiwa nje kwa dhamana, mama mdogo Recheli, mtafiti wa maabara mjini Tabora, alitandaza karatasi yenye mstari wa vilele na mabonde.

"Tulipitisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho, kwenye kipande chembamba cha uvimbe. Protini hufyonza sehemu yake ya mwanga, mafuta sehemu yake. Vilele vinaonyesha mchanganyiko ulivyobadilika. Ni saratani, kama darubini ya hospitali ilivyosema. Imewahiwa, matibabu yanaanza."

"Na uchawi uko kilele kipi?" Samweli aliuliza, sauti chini.

"Hakuna. Ni seli za dada yako mwenyewe zilizoharibika. Wewe ulipima kwa wekundu wa macho, nao umetokana na moshi wa tumbaku." Akamgeukia Julieth. "Maabarani, jibu la nusu tunalitupa. Wewe la nusu ulimpa mtu mwenye fimbo. Ukisema kweli, iseme yote."

Julieth alikwenda kwenye bani. Bibi Ngollo, mkono umefungwa plasta, alimwonyesha kuni kwa kidevu. Julieth alichochea hadi jioni, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.