Kiraka cha Mzee Taarifa

Siku maji yaliporudi bombani baada ya ukame mrefu wa mtaa wetu, mama mdogo wangu hakwenda sokoni. Alibaki kibarazani, jiko la mkaa mbele yake, akiziba beseni la jirani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: mabeseni, ndoo, madumu na mapipa yaliyopasuka. Kisu kikishika moto alikata kipande cha plastiki kuukuu, akayeyusha kingo zake, akakibandika juu ya ufa na kukilainisha kwa mgongo wa kijiko. Alipomaliza hukujua chombo kinaishia wapi na kiraka kinaanzia wapi.

Nilikuwa nakaa kwao nikisoma sekondari. Mama mdogo alikuwa mdogo wa mama yangu kwa kuzaliwa, si kwa sauti. Mumewe, baba mdogo, alikuwa fundi cherehani, na mashine yake dirishani ilinguruma kutwa nzima. Binti yao wa pekee tulimwita Kasuku, kwa sababu hata usingizini alikuwa na la kusema. Ilikuwa nyumba ya kelele. Mgeni alilazimika kupiga hodi kwa ngumi.

Pipa letu la maji ya kunywa, la bluu, lilikaa jikoni. Siku hiyo tulilijaza nusu, likatoa mlio, likapasuka ubavuni. Mama mdogo alikuja mbio na gunia lake la viraka. Alichambua na kuchambua. Vyote vilikuwa vyembamba, isipokuwa kimoja, cheusi, kinene kama ganda la kobe. Ulikuwa mgongo wa televisheni.

Televisheni hiyo ilikuwa ya Mzee Taarifa, jirani tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Alipokuwa hai, taarifa ya habari ikianza aligonga ukuta na kusema, "Nyamazeni, nasikiliza." Kasuku alimjibu kwa kuimba. Mzee akagonga tena, Kasuku akapandisha sauti, mpaka baba mdogo akacheka na kukata uzi vibaya. Siku moja mzee hakugonga. Walimkuta amekaa kitini, macho wazi, na kioo mbele yake kimeungua. Ndugu zake walipogawana vitu, mgongo wa televisheni ukaangukia kwenye gunia la mama mdogo.

Bibi aliyemfundisha kazi alikuwa amempa sharti moja: plastiki iliyokula umeme, usizibie chombo cha maji ya kunywa. Ziba nayo beseni la kufulia, ziba nayo kiti, lakini pasifike mdomo wa mtu. Mama mdogo alilijua sharti hilo kama anavyojua jina lake. Lakini bomba lilikuwa linatiririka, na hakuna aliyejua litakauka lini.

"Leo tu," alisema. "Kesho nitakitoa."

Kesho yetu mnaijua.

Moto ulipokigusa kiraka, moshi mweusi ulipanda, wenye harufu ya nywele zinazoungua. Baba mdogo alikohoa. Na upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba ambacho hakikuwa tena na mtu, kikohozi kingine kikajibu.

Maji ya pipa lile yalikuwa na uvuguvugu hata asubuhi. Yalikuwa na utamu kidogo, kama ulimi ukigusa betri. Tuliyanywa. Tukayazoea. Tukayapenda.

Sijui ni siku gani nyumba ilianza kunyamaza. Nakumbuka tu kwamba nilimwomba Kasuku chumvi kwa mnong'ono, naye akanipa bila neno. Baba mdogo alianza kulalamika kuwa cherehani inampigia kelele. Akaipaka mafuta. Kisha akaiwekea kitambaa chini. Kisha akaacha kushona, akawa anakaa tu, mikono magotini, uso ukielekea jikoni.

Mama mdogo alishinda sokoni, na huko alikunywa chai ya mama lishe. Kwa hiyo aligundua kabla yetu.

"Mbona kama mna msiba?" alituuliza. "Kasuku! Nani amekuibia mdomo?"

Kasuku alishika kichwa. Kilikuwa kinamuuma tangu juzi, na chakula alikuwa anakirudisha. Mama yake alipomkumbatia, mtoto alifungua midomo. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye makohozi.

"Nyamazeni. Nasikiliza."

Tangu hapo hakusema tena. Hata kulia alilia bila sauti, machozi tu.

Mama mdogo alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akamwangalia koo, hakuona kitu. Akauliza wanachokula na wanachokunywa. Aliposikia habari za kiraka, aliweka kalamu chini.

"Mama, plastiki ya vyombo vya umeme hutiwa dawa ili isishike moto. Haikutengenezwa kukaa na maji ya kunywa. Siwezi kukuambia kuwa ndiyo iliyomfunga sauti, hilo silijui. Lakini maji hayo msinywe tena. Hata leo."

Waliporudi nyumbani walimkuta dada yake baba mdogo, mama wa watu, amekuja kutuona. Huyu naye alikuwa na lake.

"Wifi, hapa mmetupiwa jambo," alinong'ona, maana hata wageni walikuwa wameanza kunong'ona kwetu. "Hameni. Mwachieni nyumba aliyeitaka."

"Nihame?" Mama mdogo hakunong'ona. "Nyumba hii nimeijenga kwa moshi ulioingia kifuani mwangu. Nimwachie nani, kiraka? Kiliingia kwa mkono wangu, kitatoka kwa mkono huu huu."

"Taratibu, wifi. Anasikia."

"Asikie! Si ndiyo kazi yake?"

Alimpa Kasuku maji ya dumu la jirani, akatukataza pipa, akatoka kwenda kutafuta pipa jingine. Alituacha mchana kweupe, jua la utosi, mlango wazi. Nayaandika haya ili mtu asiseme tulichezewa na giza.

Hatukukaa muda. Baba mdogo aliinuka kwanza. Akachukua kigoda, akakiweka mbele ya pipa. Kasuku akafuata. Nami nikafuata. Sikuitwa. Hakuna aliyeniita. Miguu ilikwenda, kama inavyokwenda mtu akisikia taarifa imeanza.

Kifuniko kilikuwa chini. Sikumwona mtu aliyekitoa.

Mwanga wa bluu ulitoka ndani ya pipa. Ulicheza juu ya uso wa baba mdogo. Nikainama. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, na ndani yake kulikuwa na chumba. Nilikijua chumba kile. Pazia la kahawia. Kiti chenye mto uliochanika. Na kitini, Mzee Taarifa.

Nilidhani anatazama televisheni yake. Kisha nikaona macho yake yanapoelekea.

Alikuwa anatutazama sisi.

Sisi ndio tuliokuwa taarifa yake. Tulikaa kimya ili aone vizuri. Na kutoka chini ya maji, mbali, kama redio iliyofunikwa kwa mto, nikasikia mtoto anaongea. Anaimba. Anauliza maswali bila kungoja majibu. Ilikuwa sauti ya Kasuku. Kasuku alikuwa ubavuni mwangu, midomo imefungwa. Mzee akainua mkono, akazungusha kitu tusichokiona. Sauti ya mtoto ikapanda.

Kasuku akafumba macho. Kichwa chake kikainama kuelekea maji. Polepole.

Hapo ndipo sufuria ilipogonga ukuta.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. Hakuwa na pipa jipya. Alikuwa na sufuria mkono mmoja, kisu chake cha kazi mkono mwingine, na alipiga sufuria ile ukutani kama anayefukuza nyani shambani.

"Unasikiliza?" alipaza sauti. "Basi sikiliza! Mimi ndiye mwenye nyumba! Mimi ndiye mama yake! Taarifa yako leo naisoma mimi!"

Mzee, ndani ya maji, akaweka kidole midomoni. Baba mdogo akasema, "Shh." Sote tukasema, "Shh."

Mama mdogo akamvuta Kasuku kwa nguo, akamtupa mikononi mwangu. Akapiga goti mbele ya pipa. Kisu kilikuwa baridi, na kisu baridi hakikati plastiki ile. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Akakichomeka. Kiraka kikalia. Akavuta. Akaanza kuimba, wimbo ule ule wa Kasuku wa kumchokoza mzee, akiuimba vibaya, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki. Mkono wake ulitoka damu. Hakuacha.

"Imba nawe!" aliniambia. "Unangoja mwaliko?"

Sikuwa na sauti. Nikaimba bila sauti. Kisha ikatoka sauti ya panya. Kisha yangu.

Kiraka kikang'oka.

Maji yaliturukia, ya moto, yakajaza jikoni, yakaingia chini ya vigoda, yakatoka kibarazani hadi mtaani. Waliokuwa wakipita wanasema walisikia mtoto anaongea ndani ya mfereji, akipita mbio kuelekea nyumbani, kinyume na maji.

Kasuku akapiga kelele. Ilikuwa kelele ndefu, kamili, ya kwake. Alipomaliza alivuta pumzi, akamtazama mama yake.

"Mama, unaimba vibaya."

Mama mdogo akakaa sakafuni katikati ya maji, akacheka mpaka akalia. Baba mdogo akaenda kwenye cherehani, akaikanyaga bila kitambaa, bila uzi, ili tu ingurume.

Leo Kasuku ana watoto wake, na mdomo wake haujafungwa tena hata kwa bahati mbaya. Maji ya kunywa kwao hukaa kwenye chombo kisichokuwa na kiraka. Mama mdogo bado anaziba mabeseni, kifua kikimsumbua, kitambaa puani, na anayemletea mgongo wa televisheni hurudi nao.

Watu walimshauri akichome kiraka kile. Alikataa. "Nimpandishe hewani aingie mapafu ya mtaa mzima?" Akakilaza kizingitini, upande wa ndani ukiwa chini, ili kila atokaye na kila aingiaye amkanyage. Ndivyo tufanyavyo mpaka sasa. Kwa miaka nyayo zetu zimelifuta rangi ganda lile, likawa la kijivu katikati.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia kufagia, nikakiinua. Upande wa chini, ule unaogusa saruji na usioguswa na mtu, nao umefutika rangi. Kuna alama ya unyayo, kisigino na vidole vyote, imelika ndani ya plastiki taratibu, kama ngazi ya zamani. Nilipima kwa kiganja. Ni unyayo wa mwanamume. Unakanyaga kutoka chini, kuja kwetu.

Nilimwonyesha mama mdogo. Alikitazama, akakohoa, akakirudisha mahali pake. Akakipanda kwa miguu yote miwili.

"Mimi sijachoka," alisema, akitazama chini. "Wewe?"

Chini ya miguu yake kikohozi kikajibu.