Nyuzi Mia Kamili

Mama Vipimo alikutwa saa tano asubuhi, kalala kifudifudi kati ya meza mbili za maabara, kisogo kimepasuka. Kando yake kulikuwa na jiwe la mizani la kilo mbili, limefutwa likang'aa. Kwa miaka ishirini, tangu aache ualimu wa fizikia, alikuwa akipima metali za kiwanda cha breki katika chumba hicho hicho.

Inspekta alifika ameshakasirika. Marehemu alimfundisha kidato cha pili. Tena, mfagizi aliyeikuta maiti na kupiga yowe alikuwa amefungwa pingu na kupelekwa mahabusu, eti kwa sababu alikuwa na damu mikononi.

"Alimgusa aone kama anapumua," Inspekta alimwambia konstebo. "Ulimuuliza?"

"Bado, afande."

Hakuwa amemuuliza, ila maelezo ya kukiri alikwisha kuyaandika, yanangoja kidole gumba tu. Mkuu wa kituo alitaka mfagizi, mama wa watu, afikishwe mahakamani mchana ule ule.

Inspekta alimeza tusi, akamgeukia mpimaji msaidizi, kijana mtanashati ambaye kiwanda kizima kilimwita Msomi. Msomi alieleza kwamba tangu saa tatu alikuwa chumba cha pili akipima joto mahususi la shaba, kazi ambayo huwezi kuiacha hata kwenda msalani. Akatoa daftari. Yote yalikuwemo, na saa zake pembeni: kipande cha shaba kimechemshwa majini, kikatumbukizwa kwenye maji baridi ya kalorimita, maji yakapanda joto. Jibu lilikuwa 385, sawasawa na la kitabuni.

Inspekta aliurudia mstari wa kwanza mara tatu. Joto la maji yanayochemka: nyuzi 100.

"Ulisoma kwenye kipimajoto?"

"Kwa macho yangu haya, afande."

"Washa jiko."

Msomi alitabasamu, akateleka maji. Wakangoja. Maji yalitokota mpaka yakaruka ukingoni. Kipimajoto kilipanda, kikagoma kwenye 94. Msomi aliongeza moto. Kikabaki pale pale, na tabasamu likamwisha.

Kidato cha pili Inspekta naye aliwahi kuandika 100, kwa uvivu tu, akala sifuri na kusimamishwa mbele ya darasa. Mji huu uko juu mlimani, Mama Vipimo alimfokea siku ile, na huku juu maji huchemka kabla ya kufika mia. Aibu ile haijamtoka mpaka leo.

"Maji hukuyachemsha," alisema. "Uliyechemsha ni wewe."

Msomi alikaa kwenye stuli, akakiri kwa sauti ndogo. Miaka minne alikuwa akipika matokeo: analichukua jibu la kitabuni, kisha anarudi nyuma kutunga vipimo vya kulifikia. Metali zilipita bila kupimwa, zikawa breki za mabasi yanayoshuka mlima ule ule. Wiki iliyopita Mama Vipimo aliyafungua madaftari yake.

"Alinipa hadi Ijumaa nijiripoti mwenyewe," alisema. "Leo nilimwomba anyamaze. Akanipa mgongo, akaendelea kupima."

"Alikupa mgongo kwa sababu hakukuogopa, mshenzi wewe."

Inspekta akamfunga pingu.

Kituoni alikwenda mwenyewe kumfungua mfagizi. Alimpa pole, akamweleza kwamba muuaji alikuwa Msomi, na kwamba alinaswa kwa kuandika kipimo ambacho hakukipima.

Mfagizi alisugua alama za pingu. Macho yake yalikuwa kwenye ile karatasi ya maelezo mezani, yenye jina lake na maneno ambayo hakuyasema.

"Huyo amekiri," alisema. "Na aliyeandika hii, mwanangu, atakiri lini?"

Inspekta aliichukua karatasi, akamwita konstebo, akafunga mlango.