Kichupa Namba 117

Maiti ya Daktari Vijaya ilikutwa kifudifudi kwenye sakafu ya maabara yake ndogo mtaa wa Soweto, mjini Moshi, Alhamisi asubuhi, Julai 2003. Friza ilikuwa imeachwa wazi tangu jana yake. Maji yalikuwa yamechuruzika hadi mlangoni, mekundu.

Inspekta Theodora alichuchumaa akatazama. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Chini ya meza ililala hadubini nzito ya chuma, nywele za marehemu zimegandia kwenye kitako chake. Koplo Basili alipiga picha, kisha akainyunyizia unga wa kuchukulia alama za vidole. Saa ya dhahabu ilikuwa bado mkononi mwa daktari, na mkoba wake haukuguswa.

Aliyeikuta maiti alikuwa Filemon, fundi wa maabara. Alieleza kwamba jana aliondoka saa kumi alasiri, akamwacha daktari akimsubiri mzazi wa mtoto mmoja. Jina la mzazi hakuambiwa. Theodora akamtaka ahesabu vichupa vya damu vilivyokuwa kwenye friza. Alihesabu mara mbili.

"Kimepungua kimoja," alisema. "Namba mia na kumi na saba."

Kwenye rejesta, ukurasa wenye namba hiyo ulikuwa umechanwa. Aliyeuchana hakujua kwamba karatasi za majibu zilikaa kwenye faili la Filemon.

"Hiyo damu ina nini?" Theodora aliuliza.

Filemon alieleza taratibu. Mafuta ya mwilini hayakai bure. Yanatoa homoni iitwayo leptini, nayo husafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo kupeleka habari kwamba akiba ipo, mtu aache kula. Karibu wanene wote ambao daktari aliwapima Moshi kwa utafiti wake walikuwa nayo tele, ila ubongo wao ulikuwa kama umeacha kuisikia.

"Na huyu?"

"Huyu ni mtoto wa miaka minne, ana kilo thelathini na nane. Leptini hana. Ubongo wake unaamini kila siku kwamba anakufa njaa. Daktari alirudia kipimo mara tatu kwa kutoamini."

Fomu ya ridhaa ya namba hiyo ilikuwa kabatini. Mtoto: Jovin. Mama: Salvina. Makazi: kijiji cha Uru.

Walimkuta Salvina uani akimenya ndizi. Jovin alikuwa amefungwa kiunoni kwa kamba, kamba imefungwa kwenye nguzo ya banda. Alikuwa akitafuna maganda. Mama yake alipoona polisi wanatazama kamba, aliinamisha uso.

"Nikimwachia anakula chakula cha nguruwe, dada," alisema.

Theodora aliomba kadi ya mtoto ya maabara, ile yenye namba ya kipimo. Salvina akajibu kwamba kadi aliichukua mumewe, Sirili, jana alipoitwa na daktari. Alirudi jioni, akavua shati na kulifua mwenyewe. Tangu waoane hajawahi kufua shati.

Ukutani palikuwa na picha ya msichana mnene kupita kiasi, aliyevaa gauni la kanisani. Alikuwa Eliona, kifungua mimba wao. Alifariki miaka mitatu nyuma, akiwa na miaka sita, Salvina akiwa mji wa Mkuu kwenye msiba wa shangazi yake, Jovin mgongoni. Eliona aliingia stoo akala mbegu za mahindi zilizotiwa dawa ya wadudu. Kijiji kizima kilisema ulafi umemuua.

"Stoo haikuwa na kufuli?"

"Ilikuwa nalo. Baba yake alisema alisahau kufunga."

Sirili walimkamata kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, akipogolea kahawa. Hakukimbia. Aliweka mkasi chini, akanyoosha mikono.

Kituoni, alama zake za vidole zililingana na zile za kwenye hadubini. Theodora alimwekea karatasi mbili za alama hizo mezani. Sirili hakuziangalia.

"Kichupa kiko wapi?"

"Nilikitupa mtoni."

"Kwa nini?"

Sirili alizisukuma karatasi kando. Kisha akaanza kusema, na hakusimama. Daktari alimpokea vizuri, akampa chai. Alimwambia kwamba ng'ambo kuna dawa ya sindano kwa watoto kama Jovin, na kwamba ataiomba. Daktari alikuwa na furaha. Ndipo akauliza kama kuna mtoto mwingine aliyewahi kuwa hivyo.

"Nikamtajia Eliona. Akasema naye bila shaka aliumwa hivyo hivyo. Akaniambia, baba, mtoto wako hakuwa mlafi."

"Nani alifunga stoo, Sirili?"

"Mimi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimfungia siku mbili ashike adabu. Alilia njaa. Siku ya pili akanyamaza, nikasema sasa amekoma. Mbegu nilizisahau humo."

Siri hiyo ilimponyoka mbele ya daktari. Daktari akamwambia kwamba mama wa mtoto ana haki ya kujua, akaahidi kwenda Uru mwenyewe. Sirili alimpigia magoti. Daktari akageuka kuchukua koti lake.

"Ukampiga."

"Mara mbili."

"Uliogopa kifungo?"

"Kifungo siogopi, afande. Niliogopa Salvina ajue. Nilidhani damu ikipotea, na maneno yatapotea."

Alitia sahihi maelezo yake, akapelekwa mahabusu.

Salvina alikuwa kwenye benchi nje, Jovin amelala mapajani mwake. Theodora aliketi kando yake akamwambia yote, bila kupunguza wala kuongeza. Salvina alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Siku mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ya kumzika niliinama kwenye jeneza nikamwambia, Eliona, umejitakia mwenyewe."

Salvina alimnyanyua mwanawe kwa taabu, akamweka begani, akauliza ni nani sasa atakayempima Jovin damu upya.