Maiki Isiyo na Waya

Siku ya mnada Karatu mtu hasikii hata anachowaza. Ng'ombe wanalia, wauza sufuria wanagonga mali yao, watu wa kijiji cha Qurus wameshusha magunia ya maharage na kila mmoja anadai ya kwake ndiyo yanayoiva upesi jikoni. Katikati ya vurugu hiyo, mwaka wa themanini na sita, alisimama kijana mrefu aliyevaa suruali ya bugaluu iliyokwisha pitwa na wakati. Alikuwa anachukua kitambaa, anakifikicha karibu na sikio, anatikisa kichwa, anakirudisha. Kisha anachukua kingine.

Mama mwenye vitambaa alianza kusogeza watoto wake nyuma.

"Kaka," sauti ya kike ilisema mgongoni kwake, "hicho kitambaa kimekuambia nini?"

Kijana aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamke wa umri wa miaka ishirini na kitu, gauni la buluu lenye maua meupe limemkaa kama alizaliwa nalo, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Mdomo ulikuwa unacheka. Macho yalikuwa mazuri, ila yalimpita kidogo, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa anamsubiri atokee kule nyuma.

"Kinapiga kelele," alijibu kijana. "Ni nailoni. Ukikivaa ukapumua tu, mimi huku nasikia mvua."

"Huku wapi?"

"Kwenye hedifoni, dada. Mimi ni fundi wa sauti, naitwa Polycarp. Tumetoka Arusha kuja kupiga video ya mchezo wa kuigiza hapa parokiani. Natafuta kitambaa cha gauni la mke wa dereva, kwa sababu ndani yake nitaficha kipaza sauti."

"Huyo mke wa dereva mchezoni ni mimi. Naitwa Rozalia. Na gauni nashona mwenyewe, kwa hiyo mwache mama wa watu apumzike. Chukua pamba, ile ya kahawia."

Akaichukua. Mimi sijawahi kusikia mtu mwingine aliyemnasa mwanamke kwa hoja ya nailoni, lakini jioni ile Rozalia alijikuta anatabasamu peke yake juu ya cherehani.

Kesho yake Polycarp alifika kwenye chumba cha Rozalia cha kushonea na kuweka vipaza sauti vitatu juu ya meza ya kukatia nguo. Mwalimu Bonaventura, aliyetunga mchezo huo wa usalama barabarani, alikuwa amewaachia wachague wenyewe. Alitaka mambo mawili tu: mtazamaji asikione kipaza, na maneno yasikike.

"Cha kwanza hiki," alisema Polycarp. "Kinavaliwa shingoni kwa kamba. Sauti yake safi, na hata ukikiangusha hakinuni."

Kilikuwa kinene kuliko kidole gumba. Rozalia alikiingiza ndani ya gauni akajitazama kwenye kioo.

"Watu watasema mke wa dereva ana rovu."

"Basi tukiache. Cha pili hakina waya wa kufika kwenye mashine. Kisanduku hiki unakifunga kiunoni, chenyewe kinarusha sauti hewani. Utatembea jukwaani unavyotaka. Ila kinakula betri, na kule hewani hupo peke yako. Redio za madereva kuitana porini huwa zinapenya."

"Na hiki cha tatu?"

"Hicho ndicho kidogo kuliko vyote. Punje ya hindi. Utakificha popote, lakini waya wake unakufuata mpaka kwangu. Ukienda mbali unarudishwa, kama mbuzi aliyefungwa kamba."

Rozalia alicheka kwa sauti. "Kinakaa wapi mwilini?"

Polycarp alijigusa mwenyewe, adabu ikamkataza kumgusa yeye. "Hapa, kwenye mfupa wa kifua. Kikishuka sana kinasikia tumbo. Kikienda kushoto kinasikia moyo."

"Basi kipeleke kulia, fundi. Moyo wangu haujaitwa kwenye mchezo."

Rozalia alikishonea kipaza kifuko kidogo cha pamba ndani ya gauni, na waya akaukunja kitanzi na kuushikiza kwa uzi ili usisuguane na nguo. Polycarp alimtazama mikono, akajua amepatikana. Rozalia hakujifunza kitanzi kile kwa mtu, alikibuni tu. Tangu siku hiyo Polycarp alikuwa anapita pale kila alasiri, mara kaja kupima betri, mara kaja kujaribu plasta ya kubandikia kipaza, na Karatu nzima ikajua betri zile ni za nini.

Haikupita muda akamwambia. Walikuwa wanatoka mazoezini, Rozalia amejifunga khanga mabegani kwa baridi.

"Roza, nakupenda. Nataka nije kwenu Rhotia nijitambulishe kwa wazee."

Rozalia aliikaza khanga yake. "Nipe muda, Polycarp."

"Kuna mtu?"

"Nimesema nipe muda, mpenzi." Neno hilo la mwisho lilimtosha Polycarp, akaenda kulala anapiga mluzi.

Sasa, ufundi wa sauti una mwiko wake. Ukimfungulia mtu maiki mwilini, mwambie imefunguliwa. Ukimaliza, ifunge. Polycarp aliwafundisha wenzake mwiko huo kila safari. Lakini kwenye mazoezi ya ukumbini, walipojaribu kile kisicho na waya, watu walipumzika, Rozalia akaenda nyuma ya jukwaa, na yeye akabaki na hedifoni masikioni. Alipenda kumsikia anavyopumua. Ndiyo, ni wizi, na mwizi alipata alichostahili.

"Boazi," ilisema sauti ya Rozalia, laini, ambayo Polycarp alikuwa hajawahi kupewa. "Nimekuwekea chai. Usishuke na ukungu huu, mume wangu."

Kisha, kwa mbali, ndani ya mikwaruzo, sauti ya mwanaume ilijibu, "Narudi. Narudi sasa hivi."

Polycarp alivua hedifoni. Alikunja nyaya zake moja moja, akamwambia Mwalimu Bonaventura kwamba anaitwa Arusha na atarudi siku ya kupiga picha, akadandia lori la mahindi bila kumuaga mtu. Mwanaume mwenye wivu hana masikio, hata kama ndiyo kazi yake. Angeuliza mtu yeyote pale ukumbini Boazi ni nani, angejibiwa kabla hajafunga sanduku.

Rozalia alivumilia siku kadhaa. Kisha akaenda posta. Patrisi, karani wa simu, alimtafutia Arusha kwa muda mrefu mpaka laini ikakubali, akampa mkono wa simu na kujifanya anapanga stempu.

"Umeondoka bila kuaga," alisema Rozalia. "Nimekukosea nini?"

"Boazi anajua kama unanipigia simu?"

Laini ilivuma. Patrisi akaacha stempu.

"Boazi umemjulia wapi?"

"Nilimsikia, Rozalia. Maiki ilikuwa wazi. Ulimwambia umemwekea chai, na yeye akakujibu anarudi. Ungeniambia tu una mume, ningekuheshimu."

Polycarp alidhani laini imekatika, akaita "Haloo" mara mbili.

"Polycarp," alisema Rozalia hatimaye. "Boazi alikuwa dereva wa watalii. Gari lake liliacha barabara kwenye ukungu, kule juu ya kreta ya Ngorongoro. Nilimzika mwenyewe." Akavuta pumzi. "Umesema alijibu. Na wewe umemsikia?"

Nywele za shingo za Polycarp zilisimama. Alijua ile ilikuwa redio ya gari fulani porini, dereva anawaambia wenzake anarudi getini. Alijua kwa akili. Mwili wake ulikataa.

"Ilikuwa redio, Roza."

"Kwetu Wairaqw, mtu akifiwa vile anajitenga," aliendelea, kana kwamba hakumsikia. "Mama yangu anashika sana mila. Nilikaa peke yangu, kikombe changu peke yangu, watu hawanisogelei wala mimi siwasogelei, mpaka muda ukaisha. Ningezungumza na nani? Nilizungumza naye. Akawa ananijibu. Muda uliisha, watu wakarudi, na yeye hakuondoka. Ndiyo maana nilikuambia unipe muda. Nyumba yangu ina mtu."

"Nisamehe."

"Sijui kama nitakusamehe. Yale hayakuwa maneno yako kuyasikia." Kisha, taratibu, "Siku ya kupiga picha nifunge kile kisicho na waya. Na hedifoni unipe mimi kwanza."

Patrisi alirudisha simu mahali pake, na macho yake yalikuwa mekundu.

Tukio la mwisho la mchezo lilipangwa kupigwa Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, mke wa dereva akimsubiri mumewe barabarani. Polycarp alipanda na wenzake asubuhi, ukungu umelala juu ya miti na ndevu za kijani zilizoning'inia matawini zinadondosha maji. Njia nzima alikuwa na jambo moja rohoni: akimpa mwanamke huyu ile maiki, atakaa ukingoni maisha yake yote anasubiri sauti. Akimnyima, atakuwa amemchagulia, na alishamwibia mara moja.

Akampa. Akamfunga kisanduku kiunoni, akamwambia, "Imefunguliwa," na kumvika hedifoni.

Rozalia alikaa juu ya jiwe ndani ya gauni la kahawia. Mwalimu Bonaventura alitaka kulalamika kuhusu mwanga, Polycarp akamshika mkono. Wote wakangoja.

"Boazi," alinong'ona Rozalia. "Niko hapa."

Mikwaruzo. Kisha mtu mmoja, mahali fulani chini ndani ya kreta, akaomba tairi la akiba. Mwingine akamjibu kwamba hakuna tairi, na kwamba dizeli imebaki kidogo. Wakabishana. Wa kwanza akatukana. Rozalia aliwasikiliza madereva wale kwa muda mrefu, wanaume wazima wenye njaa na matairi mabovu, wote hai, hakuna anayemjua. Machozi yalimtoka, halafu kicheko kidogo kikafuatia.

Alivua hedifoni. "Nifunge kile chenye waya."

"Una hakika?"

"Nifunge, Polycarp. Hiki kina watu wengi."

Alimfunga punje ile ndani ya kifuko chake, waya ukashuka chini ya gauni na kutambaa majanini mpaka kwenye mashine. "Imefunguliwa," alisema tena. Kamera ilianza. Rozalia alitembea mpaka waya ulipomzuia, akasimama na mgongo wake kwao, akiutazama ukungu. Maneno ya mchezo aliyasema yote, vizuri, mpaka mwisho. Halafu hakugeuka. Mabega yake yalionyesha bado anaongea, chini chini, na maneno haya hayakuwa ya Mwalimu Bonaventura.

Polycarp alivua hedifoni, akazima mashine. Alisimama mikono mitupu kwenye baridi na kumtazama mwanamke anayempenda akiongea na mwingine, na mambo yote aliyotaka kuyajua duniani yalikuwa yanasemwa pale, hatua chache mbele yake. Aliumia. Hakuinama kuzichukua hedifoni.

Rozalia aliporudi uso ulikuwa umelowa, kwa ukungu au kwa kingine.

"Umesikia?"

"Hapana. Nilivua, na mashine nimezima."

Rozalia alimtazama. Safari hii macho hayakumpita.

"Basi nitakuambia mimi. Nimemwambia nakwenda kuolewa. Nimemwambia jina lako na kwenu. Nikamwambia kama hataki aseme sasa, nikamsubiri." Aligeuka kuutazama ukungu tena. "Siku zote hunijibu, Polycarp. Leo amenyamaza."

Akalia kama watu wanavyolia kaburini siku ya kwanza, kwa sauti, mbele ya kamera na wenzake wote. Polycarp alimshika, hakumwambia nyamaza.