Video Bubu ya Heru Juu

Winifrida aliupiga mlango teke. Komeo likaruka.

"Mikono juu! Ukiigusa hiyo kompyuta nakutoboa!"

Kaspar aliinua mikono. Alikuwa mgeni aliyepanga chumba nyuma ya soko la Kasulu, eti anatengeneza video za harusi. Harusi gani! Winifrida Ndayikunda wa Idara ya Usalama alikuwa amemfukuzia tangu Kibondo, vumbi tupu njia nzima, na subira ilikuwa imemwishia zamani.

Mashine ya kuchomea diski ilikuwa bado ya moto. Diski hakuna.

"Ziko wapi?"

"Umechelewa, dada."

"Dada yako nani?" Alimfunga pingu kwenye nondo za dirisha, akaigeukia kompyuta ya Dell.

Mafaili mawili. La kwanza liliandikwa SAMPULI: picha tupu bila sauti, ya kumsaidia mhariri kujaribu kukata na kupanga kabla ya kuchoma diski. Humo alionekana mzee amesimama uani, midomo inacheza, na watu mbele yake wakipiga makofi. Winifrida alimjua. Pasikali Niyongabo, mkulima wa maharage wa Heru Juu, aliyekuja mkimbizi kutoka Burundi na sasa ni raia kama yeye.

Faili la pili lilikuwa sauti peke yake. Alivaa hedifoni.

"Ninyi wenyeji tutawafyeka! Ardhi hii ni yetu!"

Haikuwa sauti ya mzee yule hata kidogo. Kaspar alikuwa ameipachika. Hasira ilimpanda Winifrida.

Alishika redio yake ya Motorola. "Saba kwa Kituo. Wamesambaza video ya uchochezi. Heru Juu itawaka."

"Kumbe!" alijibu Mkuu wa kituo. "Lori la bunduki limeonekana njia za Buhigwe. Wanataka askari wakimbilie kuzima fujo, mpaka wa Burundi ubaki bila ulinzi. Nitoe askari wangapi?"

Winifrida alipiga hesabu. Akisema wabaki, kumwokoa mzee ni kazi yake peke yake.

"Usitoe hata mmoja. Heru Juu niachie mimi."

"Mzee akiuawa?"

"Nitajibu mimi."

Alinakili sampuli kwenye flashi, akamwachia mlinzi wa soko yule mfungwa, akairukia pikipiki yake ya Boxer.

Heru Juu alikuta watu wamefurika banda la video la Leonidasi. Mapanga nje nje. Spika ilikuwa inanguruma, "Tutawafyeka!" na watu wanajibu kwa matusi. Mzee Niyongabo alikuwa chini, kafungwa kamba ya katani, mdomo unavuja damu.

"Mnangoja nini?" alipayuka jamaa mmoja mwenye kofia nyekundu. "Mmesikia kwa masikio yenu!"

Pa!

Winifrida alipiga risasi moja hewani. Watu wakajikunyata.

"Atakayemgusa huyu mzee, ya pili ni yake. Leonidasi, toa hiyo diski. Weka hii!"

Leonidasi, jasho linamtiririka, alichomeka flashi kwenye deki.

"Haina sauti!" alifoka mwenye kofia.

"Haijawahi kuwa nayo, mpumbavu wewe. Tazameni."

Mwanzo uliokatwa kwenye diski sasa ulionekana. Mzee Niyongabo anaingia uani. Anainama, anapiga viganja polepole, pa, pa, pa. Waliokaa mbele yake nao wanainama, wanapiga viganja, wanashikana mikono.

"Nipisheni!" Bibi Theodosia, mjane aliyekuwa amezuiwa mlangoni, alijipenyeza kwa viwiko. "Jamani! Mbona hapo ni kwangu? Hayo ni matanga ya mume wangu! Anatuamkia, nasi tunamwitikia. Ndiye aliyekesha nami siku nne!"

Panga moja lilishuka. Kisha mengine. Kaspar aliona makofi akadhani watu wanashangilia hotuba. Nani angemwambia kwamba Waha, wenyeji wa huku, huamkiana kwa viganja? Alinunua picha ya msiba wa watu akaigeuza mkutano wa vita, shetani yule!

Mwenye kofia alianza kurudi nyuma kimyakimya. Winifrida alimtega mguu, akamkalia mgongoni. Kiunoni jamaa alikuwa na bastola na redio.

"Kumbe una wenzako wa kuongea nao," alimwambia, akimfunga kwa mkanda wake mwenyewe.

Motorola ilikoroma. "Saba, lori tumelikamata. Bunduki zote, dereva na wapambe wake. Mzee vipi?"

"Yu hai."

Alikata kamba. Mzee alisimama, akafuta damu kwa mkono wa shati, akawatazama majirani zake mmoja mmoja.

"Miaka arobaini nalima nanyi. Nimezika nanyi, nimewalea wengine wenu. Sauti yangu hamuijui?"



"Mzee wetu," alianza Leonidasi, "spika yenyewe ilikuwa inakoroma..."

"Funga mdomo!" alimkatiza Winifrida. "Hamkusikiliza. Mlikuwa mmeshachukua mapanga!"

Bibi Theodosia alimshika mzee mkono, akaondoka naye polepole kupitia katikati ya watu. Walipisha njia, macho chini. Winifrida alimsukuma mwenye kofia hadi kwenye pikipiki, akavaa helmeti.

"Fujo imezimwa?" Mkuu aliuliza redioni.

"Imezimwa."

"Mbona sauti yako bado ina hasira? Kaspar tunaye."

Winifrida aliwatazama wale vijana waliobaki wamesimama, hawajui pa kuweka mapanga yao.

"Kaspar hakuwajua hawa watu, Mkuu. Wao walikuwa wanajuana."

Akaiwasha Boxer, akaondoka.