Jina la Aliye Hai

Basi lilikuwa limeshaanza kutoka Arlington, milango imefungwa, na mamake Nusra bado analigonga dirisha kwa funguo za gari.

"Umebeba sweta?"

"Mama, ni Houston, si Alaska!"

"Na usiende kutukanana na watu!"

Nusra alimpungia mkono tu. Hilo la matusi hakulijibu, kwa sababu alikuwa anakwenda kutukana, na uwongo asubuhi na mapema hakuupenda.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu mdogo wake Zaki auawe kwa risasi. Alikuwa amekwenda Gulfton, Houston, kumtembelea shangazi yao Mashavu, akashuka uwanjani kurusha mpira kikapuni na majirani, wakagombana juu ya pointi moja. Aliyefyatua alikuwa wa miaka kumi na sita na alishafungwa. Huyo hakumkosesha Nusra usingizi. Aliyemkosesha usingizi ni mwenye bastola. Polisi walisema iliibwa ndani ya gari la mtu mzima, wakaishia hapo. Yaani mtu mwenye akili zake timamu aliacha bastola garini kama aachavyo mwavuli, na jina lake halijulikani. Nusra alilitaka jina hilo kuliko chakula.

Ndiyo maana alipanda basi la waandamanaji wa kupinga bunduki. Lilikuwa limejaa vijana tupu, mabango miguuni, na mkubwa wao alikuwa Wawira, msichana wa Kikenya mwenye miaka ishirini na sauti ya watu watatu.

"Sikizeni!" Wawira alisimama kwenye ujia wa basi. "Jukwaani tunataja waliokufa. Walio hai hatuwataji. Tukianza kutaja watu, kesho wanafuatwa majumbani, na sisi tumekuwa wale wale tunaowapinga. Tumeelewana?"

Basi zima liliitikia. Nusra alifunga zipu ya koti.

Katikati ya safari walisimama kwenye kituo kikubwa cha mafuta, hapo ambapo mabasi yote ya barabara hiyo husimama. Ndani palinuka karanga za sukari na nyama ya moshi, na foleni ya choo ilifika hadi kwenye kofia za kuchunga ng'ombe. Basi jingine la maandamano, lililotoka Lewisville, lilikuwa limefika kabla yao. Nusra alikuwa ameshika pakiti ya nyama kavu huku akimwambia mamake kwenye simu kwamba ndiyo, sweta ipo.

"Hiyo siyo halali, dada," sauti ilisema nyuma yake, Kiswahili cha Mombasa kisicho na vumbi.

Aligeuka. Kijana mrefu, kizibao cha manjano cha wasimamizi wa maandamano, na kichwani kofia ya kushona kwa mkono.

"Umeteuliwa lini kuwa kadhi wa nyama?"

"Leo asubuhi. Kura zilikuwa chache, nikashinda."

"Basi nitafutie iliyo halali."

"Hapa? Labda karanga. Na mimi."

Nusra alicheka, akajishangaa. Alikuwa amesahau kicheko chake kinavyolia. Joto lilikuwa limeingia, akafungua koti. Chini yake alivaa fulana nyeupe juu ya abaya nyeusi, na kwenye fulana picha ya Zaki, ametabasamu, jino moja limepanda jingine.

Yule kijana aliitazama ile picha. Mzaha wote ukamtoka usoni.

"Ndugu yangu," Nusra alisema.

"Mungu amrehemu," alisema polepole. "Mimi Aiman. Nasoma Lewisville, kwetu ni Gulfton."

Nusra alidhani ni haya. Akampenda kwa hiyo haya.

Siku hiyo waliandamana bega kwa bega, Aiman ameshika kamba ya kutenga watu na magari, Nusra anapiga kelele hadi koo likakauka. Walirudi na namba za simu. Kuanzia hapo simu hazikukatika. Nusra alifanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kila saa ya chakula alijifungia garini kuongea.

"Umekula nini, kipenzi?"

"Saladi."

"Saladi ni chakula cha sungura. Nitaendesha gari nikuletee biriani kutoka Lewisville sasa hivi."

"Na darasa?"

"Darasa halijawahi kuniuliza nimekula nini."

Jumapili walikutana, wakatembea kwenye maduka bila kununua kitu. Nusra alimwambia mambo yote, pamoja na lile la jina. "Siku nikimjua, nitamsema mbele ya watu. Nataka aaibike mpaka mifupa." Aiman kila mara alinyamaza hapo, akamshika mkono tu.

Kisha, Jumanne moja, simu ikiwa sikioni na jua linaunguza dashibodi, Nusra alikuwa akilia kwamba Zaki hakuwahi kulalamika hata siku moja.

"Alikuwa mvumilivu," Aiman alisema. "Ule moto tu uliomwacha na kovu mgongoni, kubwa vile mpaka ubavuni, mtoto gani angeuvumilia?"

Nusra aliacha kulia.

Zaki alimwagikiwa na chai ya moto Mombasa akiwa na miaka minne. Tangu akue hakuvua shati mbele ya mtu. Hata kwenye bwawa aliogelea na fulana.

"Nani alikwambia habari za mgongo wake?"

"Si wewe?"

"Mimi sijakwambia."

Nusra aliketi wima.

"Aiman. Umeuona wapi mgongo wa ndugu yangu?"

Kwa watu wa kwao, anachokiona mwosha maiti hukizika kifuani mwake. Awe ameona kovu au jeraha, hasemi, hata kwa mkewe. Aiman alikuwa ameivunja amana hiyo kwa mapenzi na uzembe, na alijua.

"Baba yangu ndiye mwosha wa wanaume pale Houston," alisema. "Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikimimina maji."

"Na ulijua mimi ni nani tangu lini?"

"Tangu kituo cha mafuta. Niliona fulana."

Hilo Nusra angelimeza. Lakini Aiman, akishafungua mdomo, alishindwa kuufunga.

"Kuna jingine. Bastola ilikuwa ya Baba. Aliiweka kwenye teksi. Iliibwa wiki mbili kabla, akaogopa kusema. Alijua siku ile ile ya kuosha, aliposikia mtaani kwamba bastola iliibwa kwenye teksi. Nusra, aliosha huku analia, mimi sikuelewa mpaka tulipofika nyumbani."

"Miezi mitatu unaniita kipenzi."

"Ni kweli kipenzi."

"Ulinipenda au ulikuwa unalipia?"

"Sijui vilipoachana. Wallahi sijui."

Alikata simu, akaizuia namba yake, kisha akarudi mapokezi akamkaribisha mgonjwa kwa tabasamu.

Wiki hiyo hiyo Shamsudin, babake Aiman, baada ya mwanawe kumwambia yaliyotokea, aliendesha gari kutoka Houston hadi Arlington na wazee wawili. Mtu wa makamo, kanzu safi, mikono mikubwa iliyokunjamana kwa maji. Aliketi kwenye zulia, si kwenye kochi, akamtaka radhi mamake Nusra. Mama alilia sana. Kisha akasema, "Nimekusamehe, kwa ajili ya Mungu," na mzee mmoja akaanza kuinua mikono kuomba dua.

"Hiyo ni radhi ya Mama," Nusra alisema kutoka mlangoni. "Yangu bado."

"Nusra!"

"Mwache, dada," Shamsudin alisema. "Mwanangu, nilidhani nikimwosha vizuri, kwa mikono yangu mwenyewe..."

"Ulikuwa unaosha mikono yako. Zaki alikuwa pale kwa bahati mbaya."

Wazee waliinamisha vichwa.

"Unataka nifanye nini?"

"Polisi wamesemaje?"

"Nimekwenda. Wanasema sheria ya hapa haikunilazimisha kuripoti. Wameandika, wamenirudisha nyumbani."

"Basi mimi ndiye sheria. Jumamosi ijayo kuna maandamano Houston. Uje usimame mbele."

"Nitakuja," alisema.

Alikuja. Maelfu ya vijana walikuwa wamejaa katikati ya jiji, jua kali, mabango ya maboksi, wanafunzi wa shule za Gulfton wamejipaka rangi usoni. Nusra alivaa abaya nyekundu. Mamake alimwuliza nani amekufa au nani anaolewa, hakumjibu. Alipopanda jukwaani, Wawira, aliyekwisha kuambiwa kisa chote na Aiman, alimpa kipaza sauti akamnong'oneza, "Jina moja, dadangu."

"Zaki Abdalla," Nusra alisema. "Miaka kumi na saba."

Umati ulirudia jina hilo. Ulirudia vizuri, na bado kifua chake hakikupoa hata kidogo.

"Na jingine. Huyu yuko hai."

"Nusra, hapana," Wawira alisema, akaenda kuzima mtambo. Aliyesimama mbele ya mtambo, na kizibao chake cha manjano, alikuwa Aiman.

"Mwache amalize."

"Ni babako, wewe!"

"Najua ni nani."

"Shamsudin Mbarak," sauti ya Nusra ilipiga kuta za maghorofa. "Aliacha bastola kwenye gari, ikaibwa, akanyamaza. Ikamuua ndugu yangu. Halafu akamwosha. Yule pale, mwenye kanzu."

Simu mia zilinyanyuka. Shamsudin hakuficha uso. Alisimama mikono imening'inia, akatazamwa, mpaka watu wenyewe wakachoka kumtazama.

Nyuma ya jukwaa Wawira alimvua Aiman kizibao bila neno. Nusra alikuwa ameketi kwenye kreti ya maji.

"Umeridhika?" Aiman aliuliza.

"Hapana. Ningepewa tena, ningemtaja tena."

"Sawa."

"Kwa nini hukunizuia?"

"Nilinyamaza mara moja, ikatosha."

Alimtazama. Alikuwa amekonda, kofia imekaa upande.

"Nakupenda, mshenzi wewe," alisema. "Ndiyo maana nimekuchukia mara mbili."

Aiman alipiga magoti hapo hapo kwenye lami. "Basi niruhusu. Nitamleta Baba na wazee waje kupo—"

"Huyo asikanyage kwetu. Si kwenye posa, si kwenye nikaha."

"Nusra, mtu haolewi wala haoi kwa kumtupa mzazi."

"Kwetu kutakuwa na kiti kitupu siku ile. Na kwenu kiwepo. Ukikubali, niko. Ukikataa, nenda, na sitakulaumu."

Kelele za maandamano zilipita, zikaenda, zikapungua. Aiman aliirekebisha kofia yake.

"Nimekubali," alisema, na machozi yakimtoka.

Walioana Desemba, Arlington. Amu yake Aiman ndiye aliyesimama upande wa bwana harusi. Wanaishi Lewisville na wana binti, Tasnim. Wawira alimfukuza Nusra kwenye kikundi, kisha akaja kula pilau ya harusi. Kijana aliyefyatua bado amefungwa. Shangazi Mashavu alihama Gulfton. Mamake Nusra humpigia Shamsudin simu kila Idi. Shamsudin anaendesha teksi bado. Hakuna aliyemwita tena kuosha maiti, na mjukuu wake amemwona kwenye picha tu. Aiman huenda Houston peke yake kila mwezi. Nusra hajasamehe.